Kuvu Si Kivu

Kwa miaka yote niliyoishi na mama mkwe wangu hapa Louisville, hakuwahi kuacha simu ilie bure. Namba ingeweza kuwa ya Texas, ya Florida, au ya nchi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuionyesha kwenye ramani, yeye alipokea. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema maneno yale yale: "Allô? Ni weye?" Upande wa pili sauti ya mashine ilianza kumweleza kwa Kiingereza habari za bima ya gari ambalo hana. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, ndipo akarudi kwenye maharage yake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mwanzoni mwa ndoa yangu nilimwambia, "Mama, hao ni matapeli," na siku moja nikathubutu kuizima simu yake. Mume wangu akaniita pembeni, akanieleza habari ambayo nadhani nilistahili kuelezwa kabla ya mahari.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa maharage. Alipanda boti la mbao Goma kwenda Bukavu, upepo ukaamka katikati ya Ziwa Kivu, boti likazama. Wapo walioogelea wakatoka, wapo waliookotwa wamekufa, na yeye hakuonekana kwa hawa wala kwa wale. Wazee wa ukoo wakasema lifanywe linalofanywa maji yanapomshika mtu: ukatwe mgomba, uvikwe sanda, uzikwe, watu walie, matanga yavunjwe. Mama mkwe akakataa katakata. Alisema hawezi kuzika mgomba na kuuita bwana wake. Pengine aliogelea akatokea upande wa pili, pengine yuko mahali anatafuta namba. Halafu vita vikawatawanya, wakawa wakimbizi, wakaletwa Marekani, na matanga yale yakabaki hayajavunjwa. Ndiyo maana alivaa vitenge vya rangi za giza, na kwenye harusi hakucheza, alikaa akapiga makofi. Ndiyo maana alipokea kila simu. Tangu siku ile sikuizima tena.

Sasa nimlete mdogo wangu, maana bila yeye hakuna habari. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania, mkoa wa Kigoma. Yeye nilimbeba mgongoni, na nikimkumbuka enzi zile namkumbuka na tope, kwa sababu alikuwa analila. Mama yetu alimchapa, akalia, akafuta machozi, akala tena. Leo yuko chuoni Buffalo, anasomea shahada ya uzamivu, na kweli amezama, kwa sababu kazi yake ni tope. Asiyeamini kwamba Mungu ana mzaha na aje kwetu.

Si tope la mtoni. Ni tope la chini ya maziwa yaliyoko kaskazini ya mbali, karibu na ncha ya dunia, mahali ambapo mti mrefu kuliko yote unakufikia kwenye kifundo cha mguu. Alikwenda huko na mwalimu wake. Walitoboa barafu, wakashusha mrija mrefu mpaka sakafu ya ziwa, wakaupandisha umejaa tope lililopangana kwa tabaka: la juu ni la juzi, la chini ni la kale mno. Kila kilichowahi kuishi ndani ya ziwa lile au kandokando yake kimeacha chembe za vinasaba vyake humo, hivyo ambavyo wengi wetu tunaviita DNA. Mdogo wangu hatafuti samaki wala ndege. Anatafuta kuvu, ndugu zake uyoga na hamira: zinazoozesha miti, zinazoota juu ya mkate, zinazokaa kwenye mizizi ya mimea na kuilisha.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa dharau ya dada mkubwa: kuvu ina faida gani mpaka mtu aifuate kwenye barafu? Hakuudhika. "Dada, bila kuvu kila kilichokufa kingebaki pale pale kilipoanguka," alisema. Kisha akanieleza kwamba vile vimiti vya kule haviwezi kusimama bila kuvu mizizini, na kwamba tope linamwonyesha ni kuvu zipi zilikuja kwanza zamani barafu ilipoyeyuka, zipi zilifuata, zipi zilitoweka. Barafu sasa inayeyuka tena, na watu wanahitaji kujua kitakachofuata. Akaniambia pia kwamba humo ndani kuvu ni za aina nyingi ajabu. Kompyuta inazilinganisha na zote zinazojulikana duniani, na nyingine nyingi hazifanani na yoyote. Zinaandikwa "kuvu" basi, bila jina. Alipofika hapo macho yakamwaka. Ghalani kwetu ninafunga maboksi na watu wa kila aina, na sijamwona bado mwingine anayefurahia hivyo kitu asichokijua.

Lakini kilichonifanya nimheshimu kweli kweli si barafu. Ni mandazi.

Katika kila safu ya vichupa vya tope, mdogo wangu huweka kimoja kisicho na tope. Ndani yake kuna maji safi tu. Kichupa hicho hupita kila mahali wanapopita wenzake: kinatikiswa, kinaoshwa, kinapashwa moto, kinasomwa na mashine. Mwishoni lazima kionekane hakina kitu. Kikionekana kina kitu, basi uchafu umeingia kutoka kwenu wenyewe, kwenye mkono au kwenye pumzi, na safu nzima huwezi kuiamini tena. Wenzake wana neno lao la Kiingereza. Yeye huandika juu yake "tupu". Siku hizi hata mwalimu wake Mmarekani husema "tupuuu", utadhani anaita paka.

Basi mwaka mmoja kanisa lao la Buffalo lilipata wageni, na mdogo wangu, kama msichana yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri, akakanda unga wa mandazi. Baadaye akarudi kazini kwenye tope lake. Majibu ya mashine yalipokuja, kichupa cha tupu kilikuwa na hamira. Hamira ya dukani, kutoka kwenye mikono yake. Kazi ya majira mazima ilikuwa imesimama juu ya kichupa kile. Angeweza kunyamaza, au kusema hamira ni ya ziwani, na nani angekwenda kuliuliza ziwa? Mimi ningenyamaza, na simwonei haya mtu kusema hivyo. Yeye alikwenda kwa mwalimu wake mwenyewe, akamwonyesha, akaitupa kazi yote. Aliponipigia simu nilimtafutia njia mbili tatu za kuiokoa. Akanijibu, "La kuvunda halina ubani, Dada," akaanza upya. Tangu hapo hagusi unga wiki za kazi, na kwetu mwanamke asiyeonekana kwenye unga husemwa. Alisemwa, na akaendelea.

Pasaka iliyopita alikuja kwetu Louisville. Mchungaji akamsimamisha awasalimie waumini na kueleza masomo yake, ili vijana watiwe moyo. Kanisa letu ni la Wakongo wengi na Warundi wachache, na Kiswahili chetu ni cha baba mmoja mama mbalimbali. Mdogo wangu akashika kipaza sauti, akasema, "Kazi yangu ni kuvu. Kuvu ziwani. Nachukua tope la chini kabisa, na humo nasoma nani alipita pale, hata kama aliondoka zamani na hakuna aliyemwona." Vigelegele vikapigwa. Mimi nilivimba kichwa kama vile tope lile nimelichota mwenyewe. Nilipogeuka, nikaona mama mkwe hapigi makofi. Alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele.

Siku chache baadaye akasema anataka kwenda Buffalo kumwona "ule mutoto wa masomo". Nikafurahi, nikadhani ni mapenzi ya ukwe. Kabla ya safari aling'ang'ania kumnyoa mume wangu kwa mkono wake, mtu mzima mwenye kinyozi wake, na mume wangu akakaa kwenye kigoda akinyolewa huku anacheka. Nikaomba ruhusa kazini, nikakanda mandazi ndoo nzima, tukaingia garini sisi wawili.

Tulipumzika Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus, kwa wifi yangu, binti yake mkubwa, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Alitupikia ugali na sombe, yaani kisamvu. Tulipomaliza kunawa, mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani. Ndani yake kulikuwa na nywele.

"Mama, ni nini hii?" wifi akauliza.

"Ni nywele ya kaka yako. Donc, damu ya mutoto ni ya baba yake, si vile? Ule mutoto wa Buffalo atapima hii nywele, atapima na ile tope ya Kivu, ataona kama baba yenu iko mule mu maji. Alisema mu kanisa, miye nilisikia na masikio yangu. Kazi yangu ni Kivu. Kivu ziwani."

Wifi alinitazama mimi, nami nikautazama ule mfuko. Neno "kuvu" mama mkwe hakuwa amewahi kulisikia maishani mwake. Masikio yalipofikiwa na neno geni, yalichukua lile yaliloishi nalo. Na hakuwa peke yake. Wifi alininong'oneza jikoni kwamba Columbus yote ya Wakongo, kutoka Reynoldsburg mpaka Westerville, ilishapata habari kwamba kuna msichana Mrundi anayesoma tope la Kivu na kuwaona waliozama. Watu watatu walikuwa wameshaomba namba yake.

Nilitoka nje kwenye maegesho nikampigia mdogo wangu. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na mchungaji na kipaza sauti chake, na mdogo wangu na neno lake la vitabuni, na lile ziwa. Nilimwambia nitatafuta sababu, gari limeharibika, turudi Louisville. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Njooni," alisema. "Na usimwambie kitu, Dada. Neno lilitoka kinywani mwangu, nitalirudisha mwenyewe nikimtazama usoni."

"Utamvunja moyo."

"Najua. Ndiyo maana halifai kusemwa kwenye simu."

Safari ya kutoka Columbus kwenda Buffalo naikumbuka kwa nyimbo za kwaya, kwa sababu niliziweka juu ili tusiongee. Tulipopita Cleveland, Ziwa Erie likaanza kuonekana upande wa kushoto, la kijivu, na mabaki ya barafu ufukoni. Mama mkwe akapunguza sauti ya redio mwenyewe. Akaliangalia muda mrefu.

"Hii nayo iko na batu mule," akasema. Kisha akasema, kama mtu anayejibu swali nisilomuuliza, "Minataka tu kujua, mutoto wangu. Kama iko mule, nilie. Kama haiko, ningojee. Kukaa katikati njo kunachokesha."

Nilishika usukani, na nilitamani yale maji yasiishe haraka.

Mdogo wangu alikuwa anatungoja kwenye mlango wa jengo la maabara, ndani ya koti kubwa. Jambo la kwanza aliloliona ni ndoo ya mandazi mikononi mwangu, akainua mkono kunizuia. "Dada, samahani, hiyo ibaki garini." Nilimwona mama mkwe akikunja uso, maana kwao na kwetu, chakula cha mgeni kikikataliwa mlangoni ni vita. Nikairudisha ndoo. Niliporudi walikuwa wameshikana mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Yambo, mutoto wangu." Hajawahi kuitikia shikamoo yetu vinginevyo.

"Mama, kabla hujavua koti, nina neno. Kule kanisani ulinisikia nimesema Kivu. Nilisema kuvu. Kuvu ni ile kitu ya kijani inayoota kwenye mkate uliokaa. Ziwa langu si ziwa lenu, liko mbali huko kwenye barafu. Tope la Kivu sijawahi kuligusa hata kwa kidole. Sina habari yoyote ya Baba. Neno langu limekutembeza njia yote hii, na ninakuomba msamaha."

Alisema hivyo hivyo, polepole, bila kuangalia pembeni. Mimi niliangalia pembeni. Nimeona watu wenye elimu wakificha ukweli ndani ya maneno marefu mpaka anayesikiliza anashukuru bila kujua ameambiwa nini. Mdogo wangu alichagua maneno ambayo mama mkwe asingeweza kuyasikia vibaya mara ya pili.

Mama mkwe hakulia. Alitoa ule mfuko wa nywele, akaugeuza mkononi.

"Na kama ungekuwa na tope ya Kivu? Na hii nywele?"

"Hata hapo, Mama, sikudanganyi. Kupima nywele za mtu si kazi yangu, na tope ni tope. Lingeweza kuniambia mtu alipita. Lisingeniambia ni nani. Ziwa lile limepitiwa na watu wengi."

"Batu mingi sana," mama mkwe akakubali. Akaurudisha mfuko mkobani. "Bon. Nionyeshe basi hiyo kuvu yako. Siwezi toka Louisville mpaka huku ju ya kuangalia mulango."

Kwenye chumba kisafi hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimama nyuma ya kioo, tukamtazama akivaa: nguo nyeupe ya kufunika mwili mzima, kofia, barakoa, glovu mbili mbili. Akapangusa meza kwa dawa ya klorini, akaipangusa tena. "Ni javel," mama mkwe akasema kwa kuridhika, maana usafi wa nyumba ndio kipimo chake cha mtu. Mdogo wangu akaleta kipande cha ule mrija, kimepasuliwa kwa urefu, na nikaliona tope lenyewe: mistari myembamba, wa kahawia, wa kijivu, mwingine karibu mweusi. Akakwangua sehemu ya nje akaitupa. Kutoka ndani akachukua kidogo, kiasi cha punje ya harage, akatia kwenye kichupa, akaandika. Akabadilisha glovu. Akarudia. Hakuwa na haraka yoyote, wala hakuinua macho kuona kama tunamwona. Yule mtoto mla tope alikuwa akilishika sasa kama watu wanavyomshika mtoto mchanga, na ninakiri nililia mimi badala ya mama mkwe, kwa fahari tu.

Safu ilipokaribia kuisha alichukua kichupa, akatia maji kidogo, hakutia tope, akakifunga, akakiandika, akakisimamisha na wenzake. Mama mkwe akagonga kioo.

"Amesahau! Muambie amesahau moja!"

Mdogo wangu alipotoka, nywele zimelala kwa jasho la ile kofia, mama mkwe alikuwa bado anamngojea na swali lake.

"Sikusahau, Mama. Kile ni tupu. Hakina kitu."

"Unajua hakina kitu?"

"Najua."

"Sasa ju ya nini unaiandika, unaiosha, unaitembeza na wenzake?"

"Kwa sababu nisipokitembeza, sitajua katika vile vingine lipi ni la ziwa na lipi nimelibeba mimi mwenyewe."

Mama mkwe alikaa kwenye benchi la ukumbini. Aliweka mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba.

"Haina kitu," akasema, "na munaifanyia yote?"

"Yote, Mama. Hairukwi hatua hata moja."

"Na hamusemi ni uongo."

"Hapana. Hicho ndicho kinachotuzuia tusiseme uongo."

Wanafunzi walipita na vikombe vyao vya kahawa, wakatusalimia kwa Kiingereza, tukaitikia. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya chini mpaka nikainama.

"Walitaka nizike mugomba. Nikakataa, ju mugomba ni kitu, na ile kitu si bwana yangu. Niweke mugomba mu sanda niiite jina yake? Uongo. Njo maana nilikataa. Walisema nina kichwa ngumu." Akamtazama mdogo wangu. "Hakuna muntu aliniambia tunaweza zika tupu."

Mdogo wangu alifungua kinywa, na ninamjua. Alitaka kueleza kwamba tupu ya maabara si kwa ajili ya jambo hilo, kwamba sayansi ni hivi na vile. Akakifunga. Alirudi ndani, akazungumza na mwalimu wake, akatoka na kichupa kipya kilichokuwa bado ndani ya karatasi yake, hakijaguswa na mkono wa mtu. Akachukua kalamu.

"Niandike nini, Mama?"

Mama mkwe akataja jina la mume wake. Mimi, mkwe wake wa miaka yote ile, nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Siku zote alikuwa "baba yao". Mdogo wangu akaliandika kwa zile herufi zake ndogo zilizonyooka, akamkabidhi kichupa kwa mikono miwili, na mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili.

Kile kichupa kilizikwa Reynoldsburg, nyuma ya kanisa, mchungaji wa pale alipokwisha kutoa ruhusa. Kabla ya hapo aliuliza kwa upole ndani yake mna nini, na mama mkwe akamjibu, "Hakuna kitu, Pasteur. Njo yenyewe." Wakongo wa Columbus walijaa, hata wale watatu walioomba namba, walikuwa wameshaelezwa kuvu ni nini, na wakaja hivyo hivyo. Mama mkwe alilia kilio ambacho sikujua kama mwili wake mdogo una nafasi ya kukiweka. Wanawake walimshika. Mume wangu, aliyetufuata kutoka Louisville, alilia naye, kichwa bado hakijaota nywele vizuri.

Mdogo wangu alikuja kutoka Buffalo kwa basi. Asubuhi ya siku ile niliingia jikoni kwa wifi nikamkuta ameshanitangulia, mikono yake imezama kwenye unga mpaka kwenye viwiko. Nikaruka. "Mikono yako! Na chumba kisafi?"

"Nimewaambia wiki hii siingii," alisema. "Nipe mafuta."

Alikanda, akasukuma, akakata, akakaanga mandazi ya watu wote wale, na kila aliyepokea alipokea kutoka mkononi mwake. Sijala mandazi matamu kama yale. Baada ya kula matanga yakavunjwa, na wifi akamvisha mama yake kitenge cha njano.

Tulirudi Louisville. Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani, ugali na samaki, mama mkwe katikati yetu na kitenge chake cha njano, anamtolea mjukuu miiba. Simu yake ikalia kule juu ya kabati. Mjukuu akaikimbilia, akamletea, akasema kwa Kiingereza kwamba ni namba isiyojulikana. Mume wangu akaacha kutafuna. Mama mkwe akafuta mikono kwenye kitenge, kama zamani, akaitazama ile namba. Kisha akailaza simu mezani na kurudi kwenye samaki wake.

Mtoto hakuelewa. "Bibi, inalia."

"Iache ilie," mama mkwe akasema. "Siye tulishalia."